Dirisha Linalotazama Jiko

Aliyelichora jengo letu alitumia rula:
orofa tisa, madirisha sawasawa,
kama daftari la hesabu la mtoto mtiifu.
Ramani yake ninayo, imekunjwa kabatini,
na siku za mvua huitoa nikacheka.

Maana njoo ulione leo, hapa Gldani,
ukingoni mwa Tbilisi, basi linapogeuzia:
limeota viwiko, limeota matumbo,
vibaraza vya bati vimening'inia juu ya vibaraza vya mbao,
chumba kimoja cha matofali mekundu
kimetokeza angani kama ulimi.

Nodari wa chini ndiye aliyeanza.
Mwaka ule umeme ulikuja kama mgeni wa heshima,
saa mbili, kisha huyoo,
na wanawe wanne walilala mzungu wa nne
chini ya koti la babu yao.
Akaleta vyuma vya kiwanda kilichofungwa,
usiku, kwa mkokoteni wa viazi,
akachimba mashimo sita kwenye bustani ya waridi
ambayo haikuwa ya mtu,
kwa hiyo ilikuwa yake.

Halafu akapanda ngazi, mlango kwa mlango
(lifti ilidai sarafu, naye sarafu hana):
"Dari yangu ni sakafu yako. Ukitaka, jenga."
Wa pili akakubali; huyo ni baba yangu.
Wa tatu akauza piano.
Wa nne alikuwa Lamara.

Lamara alisema hapana.
Hakueleza. Aliendelea kubangua jozi.
Lakini nani asiyejua? Dirishani pake
huonekana kipande cha barabara, chembamba kama utepe,
alikopitia Jumberi na begi la michezo,
akageuka mara moja, akapunga mkono.
Ujenge ukuta hapo?
Na akirudi?

Basi wa tano na wa sita wakarefusha nguzo zao,
wakampita Lamara kama maji yapitavyo jiwe.
Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tulijenga ukuta kwanza,
tukauacha ufa kwa makusudi,
pengo la jino moja katika kinywa cha jengo,
na ndege wakalala humo kila baridi.

Mji nao haukusubiri.
Duka la mikate likawa benki, benki ikawa duka la simu,
barabara ikabadilishwa jina mara mbili,
mzabibu wa Nodari ukafika orofa ya tano
na kila jirani akachuma wa kwake bila kuomba.

Miaka kumi na tisa.
Siku moja mwanamume mwenye sanduku la magurudumu
akasimama uani, akizunguka kama aliyepoteza funguo.
Majengo aliyoyaacha yalifanana kama pacha;
sasa hakuna hata moja lililofanana na mwenzake,
wala na lenyewe.
Akahesabu milango, akakosea, akaanza upya.
Ndipo akainua macho, akaliona pengo.
Akapanda bila kuuliza mtu.

Lamara macho yalikuwa yamekwisha.
Alimpapasa sikio, lile lenye kovu,
akasema: chakula kimepoa.

Kiangazi kilichofuata Jumberi mwenyewe
alileta matofali, saruji, mafundi wawili.
Mkewe alihitaji jiko, watoto walihitaji pa kuchafua.
Siku tisa, pengo likazibwa.
Ndege walirudi Novemba, wakapiga duru, wakaenda zao.
Mimi nililia kidogo, sijui kwa nini;
labda kwa kuwa nilizoea kuelekeza wageni:
"ni pale penye shimo."

Lamara aliomba neno moja tu:
dirisha la zamani lisiguswe.
Lipo mpaka leo, na kioo chake, na pazia lake,
katikati ya nyumba, likitazama jiko.
Huketi hapo asubuhi, uso kwenye kioo,
akisikiliza wajukuu wakigombea ncha ya mkate.

Juzi alikuja kijana wa manispaa
na kipimo cha utepe na fomu ya kurasa tatu.
Akaniuliza jengo hili lina umri gani.
Nikamtazama.
Kipande kipi, mwanangu?